Mgeni Hajala

Wodi ya watoto,
kitanda cha dirishani.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na ya pili pia, shikamoo, hiyo ni ya kile kipande cha ini ulichomkatia mwanangu, maana nacho kimenizidi umri na mimi nimelelewa vizuri. Hujambo lakini? Mshono wako unaendeleaje, bado unavuta ukicheka? Na hao wanafunzi wako wa bweni, wamerudi kukuogopa kama zamani, au yule msaidizi wako wa jikoni ameshawazoesha kujipakulia wenyewe? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila miguu tu. Shemeji yako hajambo, friji za watu zimejaa uani mpaka ukitaka kuanika nguo unapita upande upande. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, lakini wewe si ndiye uliyesema nilikuwa nimezidi.

Sasa Dada, kaa. Kama umesimama jikoni na mwiko mkononi, weka mwiko chini, ukalie gunia la mchele, usome taratibu. Mwanangu Meneja amelazwa. Yuko hai, anaongea, tena anaongea kuliko wote tuliomo humu. Lakini amelazwa, na zile siku ulizopiga simu tukakwambia anaoga, alikuwa hapa. Najua ulishaanza kushuku. Uliniuliza mtoto gani huyu anaoga asubuhi, mchana na jioni, amegeuka samaki? Mama ndiye aliyetukataza. Alisema huyo dada yenu mnamjua, akisikia mtoto anaumwa tumbo atapanda gari la kwanza, afike hapa ajilaze mezani mwenyewe aseme chukueni na kingine. Akatuapisha mmoja mmoja kwamba hakuna atakayekwambia kwa simu. Nikaapa. Barua hakuitaja, na mimi nani hata nimkumbushe mama yangu alichosahau?

Nianze mwanzo. Ulipoondoka, mtoto alikuwa anazidi kupendeza kila kukicha. Yale macho ya manjano aliyozaliwa nayo, wewe mwenyewe uliyaona yakirudi meupe. Ikaja nguvu, na nguvu ikaja na amri. Unamkumbuka alivyokuwa mnyonge, ukimweka hapa unamkuta hapa. Sasa akawa anapanga viatu vya wageni mlangoni, anamwuliza mteja wa baba yake kama amepiga hodi, anamwambia fundi cherehani wa mlango wa pili kwamba upindo umekwenda kombo, na ukitazama, kweli umekwenda kombo. Ndiyo baba yake akampa hilo jina la Meneja. Mama kila akimsikia anatikisa kichwa, anasema hilo ini halikuja peke yake, limekuja na mwenyewe. Basi tukazoea. Akifoka tunaangaliana, tunasema huyo siyo yeye, huyo ni Mama Mkubwa. Na yeye kile kipande anakiita mgeni. Nikimvisha ananionya nisimbane mgeni.

Siku moja mchana, ametoka kuoga vizuri tu, nikamkuta sakafuni amejikunja, magoti kifuani, mkono juu ya kitovu. Akatapika. Nikajaribu kumlaza chali, akapiga ukelele, nikamrudisha vilevile alivyojikunja. Nikamwuliza panauma wapi, akanionyesha kwa kidole. Dada, Meneja alinyamaza, na hapo ndipo nilipopiga kelele kumwita baba yake. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba mwili umekikataa kipande chako. Wewe umekubali kupasuliwa tumbo zima ukiwa mzima wa afya, halafu sisi tuliopewa tumeshindwa kukitunza.

Shemeji yako alikuwa anapakia friji ya mteja kwenye pikapu ya kuazima. Hakuna aliyekumbuka kuishusha. Tukafika hospitali mtoto, mimi, Mama, friji, na mwenye friji nyuma ameikumbatia isidondoke. Mlinzi wa getini akauliza mgonjwa ni nani. Yule mwenye friji, Mungu ambariki, akasema tuanze na mtoto.

Wakamtoa damu, wakampaka yale mafuta baridi tumboni wakampiga picha, sisi tukaambiwa tungoje. Na mimi nikingoja lazima nitafute wa kulaumu, unanijua. Masharti yake ya kula wote wanayafahamu: kila kitu kioshwe, kichemshwe, kisitoke barabarani, kisielee mafuta, na kipitie mkononi mwangu. Nikawasimamisha kwenye korido, Mama, baba mtoto, na fundi cherehani ambaye alikuja mbio na futi yake bado shingoni. Nikawauliza nani kampa nini. Wakaapa. Mama alikasirika hasa, akaniuliza yeye kanilea mimi na wewe kwa sumu?

Dada, haukupita muda Mama akanigusa kiwiko, akanivuta nyuma ya lile kabati la mashuka mwisho wa korido. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna ngozi ya kuku. Ya kukaanga. Kidogo sana, tena ile iliyokauka. Na siyo mara moja. Alisema mtoto alimwangalia kwa macho yako, akashindwa kukataa. Nisimwambie mtu, hasa mume wangu, maana atamdharau. Nikarudi kwenye benchi. Mume wangu akainuka, akaniambia tuongee pembeni. Nyuma ya kabati lilelile. Aiskrimu. Alisema kila akimpeleka kliniki wanapita mahali, wanakula moja kwa vijiko viwili, na mtoto alimwapisha asiniambie kwa sababu mimi nina hasira. Nisimwambie Mama. Sijakaa, fundi cherehani huyo, amekunja kofia mkononi kama nguo ya kufua. Karanga. Alisema mtoto hakubali kupimwa gauni bila karanga, na yeye alidhani karanga ni kama dawa tu, si ni mbegu? Nikawa hakimu wa nyuma ya kabati. Nilipodhani nimemaliza, nesi wa zamu, yule mkali ambaye ukikohoa anakutazama, akaja kuchukua shuka, akasimama, hakuchukua shuka. Akaniambia mara ya mwisho mtoto alipokuja kulala kwa vipimo, aliimba mpaka wodi nzima ikashindwa kupumzika, basi akampa biskuti. Anyamaze tu. Nesi, Dada! Nikamwambia nimesamehe, nikamtolea shuka mwenyewe.

Kisha akatoka daktari wake wa ini, yule mrefu anayeinama kila mlango. Akasema ini zima. Alirudia, ini la Mama Mkubwa zima kabisa, halina kosa. Nikakaa chini palepale sakafuni. Akasema kilichovimba ni kongosho. Tukaangaliana. Hakuna kati yetu aliyewahi kumjua huyo. Mimi umri huu wote nimelibeba la kwangu, sijawahi hata kulisalimia. Mama akauliza kama na hilo kongosho limetoka kwako. Daktari akasema hapana, hilo la mtoto mwenyewe, amezaliwa nalo. Mama akashusha pumzi, akasema basi hilo ni la upande wa baba yake.

Nakueleza alivyotueleza. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, ni jirani wa ini, kazi yake moja ni kutengeneza maji ya kusagia chakula. Likiumia, yale maji hayangoji kutoka, yanaanza kazi humohumo, yanalisaga lenyewe. Ndiyo maana maumivu yake hayana mfano. Shemeji yako akasema kumbe ni kama friji inayovuja ndani, daktari akamwangalia, akasema tuseme hivyo. Watoto waliowekewa kiungo cha mtu mwingine, baadhi yao huwatokea hivi. Wengine ni virusi, wengine bomba la nyongo limeziba, wengine ni dawa. La Meneja bomba walilitazama liko wazi, virusi hawakuviona, kwa hiyo alishuku dawa mojawapo kati ya zile zinazouzuia mwili usimfukuze mgeni. Na hapo ndipo penye mtego, Dada. Dawa ikiendelea, jirani anazidi kuungua. Ikiondolewa hovyo, mwili unamkumbuka mgeni na kumtoa. Lazima itolewe hii, iingie nyingine mahali pake, na damu ipimwe na kupimwa mpaka ijulikane kama ini limekubali. Akasema, kwa upole, kwamba hawezi kuniahidi.

Halafu akasema, ili tusijilaumu, kwamba hakuna dalili kuwa limetokana na chakula. Korido nzima ikapumua. Na kupumua huko ndiko kulikotuponza. Mama akasema, kwa hiyo siyo ngozi ya kuku? Mume wangu akasema, wala aiskrimu? Fundi akasema, hata karanga? Na kutoka kwenye meza ya manesi kikasikika kisauti, biskuti je? Daktari akafunga kalamu yake. Akatutazama mmoja mmoja kutoka huko juu aliko. Akasema ametibu watoto wengi lakini hajaona mwenye wapishi wa siri wengi namna hii. Tulisomewa, Dada. Vijidudu, mafuta, mtoto ambaye kinga yake imepunguzwa makusudi, na sisi tunampitishia vitu kama mahabusu. Mama, ambaye hajawahi kukaripiwa na mtu tangu Baba afariki, alisimama ameshika mikono nyuma kama mwanafunzi. Mwenye friji naye alikuwapo, alisomewa pamoja nasi bila kosa lolote.

Sitakuandikia siku zilizofuata zote. Waliweka maji ya mshipa, dawa ya maumivu, na kwa kuwa alikuwa anatapika hakupewa kitu kinywani. Alinishika kidole hiki cha pete, hakukiachia hata akilala. Midomo ilimkauka nikawa nailowanisha kwa kitambaa. Kuna wakati alinong'ona kama mgeni bado yupo, nikasema yupo. Akageuka ukutani. Nilidhani ni uchovu.

Mungu mwema, maumivu yakapungua. Uvimbe ukaanza kurudi chini, kutapika kukaisha, amri zikarudi, akamwambia nesi asikokote viatu. Jana daktari akaja na sura nzuri, akasema sasa ale. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema kukaa na njaa muda mrefu siyo vizuri kwa matumbo, aanze kidogo kidogo, viazi laini vilivyopondwa, visivyo na mafuta. Sahani ikaja. Na Dada, laiti ungeona. Hakuna aliyetaka kushika kijiko! Mama akaficha mikono kwenye kanga, akasema yeye na kulisha watoto basi, amestaafu. Mume wangu akakumbuka ghafla kuna friji ya mtu inalia. Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua akitabasamu mpaka akapotea. Nesi akasema yeye ni wa sindano. Ile hotuba ya daktari ilikuwa imewaingia mpaka kwenye mifupa.

Nikakishika mimi. Meneja akafunga mdomo.

Mtoto aliyewahonga watu wazima wanne kwa macho tu wampe chakula, sasa chakula kimekuja mchana kweupe, kwa amri ya daktari, amekaza meno. Nikabembeleza. Baba yake akarudi kutoka kwenye friji yake, akacheza ngoma mbele ya kitanda kwa yale mabuti, wagonjwa wengine wakala vizuri sana siku ile, wa kwetu hakula. Mama akatishia. Akabembeleza. Akatishia tena. Jioni daktari akasema hatulazimishi, lakini kesho akiwa hajala atapitisha mrija mwembamba puani, chakula kipite humo. Akasema siyo adhabu, lakini mimi nilimwona mwanangu alivyoutazama ule mrija wa jirani yake wa kitanda.

Leo asubuhi Mama amekwenda kunawa, tumebaki wawili. Meneja akanishika kola, akanivuta karibu. Akaniambia anataka kwenda nyuma ya kabati la mashuka. Nikamwambia hawezi, ana maji ya mshipa. Akafikiri. Akasema basi nivute pazia.

Dada, na yeye alikuwa na lake la kukiri.

Akasema ile siku uliyoondoka, alipoamka alikutafuta. Alitazama chini ya kitanda, akatazama bafuni, akatazama ndani ya friji moja kubwa uani. Alipojua umekwenda bila kumuaga, akakasirika, lakini wewe hukuwapo wa kukasirikiwa. Ndipo akamgeukia mgeni. Kila akioga, peke yake na ule mshono wake, anainamisha kichwa anakiambia kile kipande, na wewe nenda, wewe si ndiyo kawaida yenu, nenda kwenu sikutaki. Alimwambia hivyo mpaka ile siku ya maumivu, maji bado yanamdondoka. Kwa hiyo anajua kilichovimba siyo hicho cha daktari. Ni mgeni amenuna. Na mgeni aliyenuna hali chakula, kila mtu anajua, na yeye amefundishwa nyumbani kwamba ni vibaya kula mbele ya mgeni ambaye hajala. Atakulaje peke yake?

Nilificha uso kwenye shuka lake. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, kitanda kilitikisika tu. Nikamwambia yote ya daktari, kongosho, dawa, bomba. Nikamwambia kile kipande kimeshonwa, kimeota mizizi, kinakua naye kama kucha zake, hakina pa kwenda na hakijanuna. Akaniuliza nimejuaje, nimekiuliza? Nikasema basi tumpigie Mama Mkubwa. Akakataa. Alisema kwenye simu unasema hewala, nakupenda, nipe Bibi. Anataka iandikwe, ili ukae chini. Ndiyo maana nimeandika, na yeye amekaa hapa ameniegemea, ananihesabia mistari ingawa kusoma hajui. Maneno yake ni haya, sijaongeza hata nukta:

"Mama Mkubwa, nilikiambia kiondoke. Nilikuwa na hasira. Kisiondoke. Na wewe usiondoke tena nikiwa nimelala. Niamshe."

Sikulaumu, Dada. Mimi ndiye niliyekushikia mfuko mlangoni siku ile. Ulisema akifumbua macho hutaweza kwenda, na kazi ilikuwa inakungoja. Nami nilikubali, nilidhani tunamwepushia kilio. Kumbe kilio tulikiacha ndani, kikatafuta pa kukaa. Shule zikifungwa, njoo. Siyo kutoa kitu, Mama asije akaniua, njoo tu umuage mtoto, ulie naye mlangoni mpaka mchoke, halafu uende.

Naacha kidogo, daktari anaingia na karatasi ya damu.

Nimerudi. Nisamehe mwandiko, naandika haraka. Ini limekubali dawa mpya! Alisema tusishangilie sana, damu itapimwa tena na tena, bado hatujavuka mto. Lakini alisema limetulia, na kongosho linarudi mahali pake, na akagonga ule ukingo wa kitanda kwa vidole kama mtu anayetaka kuimba akaona aibu. Kisha akatazama sahani, akanitazama mimi, akaondoka taratibu akiinama mlangoni.

Nikamsomea Meneja barua yote. Alisikiliza amefumba macho. Pale kwenye ngozi ya kuku alisema nisiiweke, Bibi atajisikia vibaya, nikasema tayari imeshaandikwa. Nilipomaliza akaweka kiganja juu ya mshono, akakaa nacho hapo kitambo, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Halafu akasema haya, mgeni amekubali.

Akataka kijiko. Akakataa kulishwa. Alikishika mwenyewe, mkono wenye plasta na mrija ukining'inia, akala. Mama alikuwa amerudi, akasimama na taulo usoni. Shemeji yako alikuwa mlangoni na bisibisi. Fundi nyuma yake. Nesi aliacha sindano yake mezani. Tukamtazama anavyomeza, tukalitazama tumbo, tukamtazama usoni, tunangoja kirudi. Hakikurudi. Akala kingine. Akainua kichwa akatukuta wote tumeganda, akatuuliza tumekosa viti? Tukakaa. Hata nesi alikaa.

Basi nisikuchoshe. Wasalimie wanafunzi wenye adabu, na wasio na adabu wasalimie hivyohivyo, ni watoto. Mama hajui kama nimekuandikia, akijua nitasema ni mtoto. Shemeji yako anakusalimu, fundi anakusalimu, mwenye friji pia alipita akasema nikikuandikia nimsalimie mwenye ini. Jitunze, usibebe masufuria mazito.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni kabla hujajua kufunga viatu vyako,

Mama Meneja.

Hiyo alama chini ya jina langu usiifute, siyo uchafu. Meneja amesema na yeye lazima atie sahihi, na kalamu ilikuwa kwangu. Ni kiazi.